Sifuri na Kimya: Kusanidi na Kujaribu Lango la Mtandao kwenye Njia ya Maji ya Uwanda wa Makonde

Mhadhara kwa mafundi wa maji na umeme, wanafunzi wa ufundi na wananchi, Newala



Naanza na jambo ambalo mtu wa Newala hahitaji kufundishwa. Uwanda huu hauna mto. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza, maji yanazama chini kabisa na kuibukia miguuni pa mteremko, kwenye chemchemi za mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya vitu na habari kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, alistaajabu kukuta watu wamejenga juu huku maji yao yako chini. Yeye alistaajabu akaandika kitabu. Waliokuwa wakishuka na kupanda na mitungi walikuwa bibi zetu.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuvuta maji ya visima vya Mitema, kwenye bonde la Kitangari, na kuyapandisha huku juu. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ikaingia kwa nguvu katika maji ya vijijini ya Mtwara na Lindi, na kazi yao ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo Mamlaka ya Maji Makonde inahudumia Newala, Tandahimba na Nanyamba, na Mitema bado ndiyo inayotegemewa. Wenzetu wa Masasi na Nachingwea wanapata maji ya Mbwinji. Majina ya vyanzo yanatofautiana, ila shida ni moja: maji lazima yasafirishwe mbali, na huku kwetu lazima yapande.

Kupanda kuna bei. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, kwa kimo cha mita 100 kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.27 za umeme hata kama pampu isingepoteza chochote. Pampu na mota zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60, hesabu inafika uniti 0.45. Kutoka bondeni hadi hapa kuna mamia ya mita. Kwa hiyo tangi likifurika juu usiku, yanayomwagika ni maji pamoja na umeme uliokwisha kulipiwa. Na likikauka, mnajua wenyewe bei ya dumu la maji inavyokuwa.

Tabu ya fundi inatokana na umbo hilo la nchi. Pampu iko bondeni, tangi liko juu, na mwenye mkono kwenye swichi halioni tangi. Zamani alitumwa mtu kwa baiskeli, baadaye ikapigwa simu. Siku hizi kazi hiyo anapewa mjumbe asiyelala, kifaa kidogo cha ukubwa wa kitabu kinachofungwa ndani ya kabati la chuma: lango la mtandao. Mfumo nitakaoueleza nimeupanga mwenyewe kwa ajili ya somo, kwa kufuata umbo la njia ya maji ya hapa. Sikagui wala sielezi mitambo ya mamlaka yoyote.

Kazi ya lango ni ukalimani. Upande wa chini linaongea na vifaa vya kiwandani: kidhibiti cha pampu, mita ya mtiririko, kipimo cha shinikizo, kipimo cha kina cha maji tangini. Vifaa hivyo kwa kawaida vinatumia itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979, ikipita kwenye jozi ya nyaya za RS-485. Upande wa juu lango linaongea na seva ya ofisini kwa mtandao wa simu, na itifaki inayopendwa hapo ni MQTT. Hiyo ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ililipiwa. Kwa hiyo tumerithi itifaki mbili za watu waliokuwa na mawasiliano membamba na ya kukatika-katika. Zinatufaa kuliko nyingi zilizokuja baadaye.

Sasa nisimame mahali ambapo nitakaa muda mrefu, maana ndipo ulipo moyo wa somo.

Kabla ya itifaki hizi, na hadi leo kwenye vipimo vingi, kina cha maji kilitumwa kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Chukua tangi la kina cha mita 5. Tangi tupu ni miliampea 4, tangi lililojaa ni 20, nusu yake, mita 2.5, ni 12. Mwanafunzi makini huuliza: kwa nini tuanzie 4? Kwa nini tusianzie 0, hesabu iwe nyepesi? Jibu ni kwamba waya ukikatika, mkondo unakuwa 0. Kama tangi tupu nalo lingekuwa 0, mtu wa bondeni asingeweza kutofautisha tangi lililokauka na waya uliotafunwa na panya. Wahandisi wale walitupa moja ya tano ya hesabu yao ili sifuri isifanane na kimya. Desturi ya viwandani ikaongeza kwamba kipimo kikijigundua kina hitilafu kijitoe nje ya mipaka, mathalani chini ya miliampea 3.6, ili kila anayesoma ajue kwamba hicho si kina cha maji bali ni kilio cha kifaa.

Huo ndio uhandisi ninaouheshimu. Hauna kioo cha kugusa, hauna rangi, lakini unajua kusema "sijui".

Modbus nayo inajua. Watu wengi wanaisoma haraka na kuliruka jambo hili. Kifaa kikiulizwa rejista isiyokuwepo, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo hakina, hakinyamazi wala hakibuni. Kinarudisha jibu la kosa lenye namba 2. Na malango yametengewa makosa yao mawili: namba 10, maana yake njia ya kumfikia anayeulizwa haipo, na namba 11, maana yake nimemwita anayeulizwa na hakuitika.

Kisha tunakuja sisi na kulisanidi lango vibaya, na elimu yote hiyo inapotea pale pale katikati ya njia. Malango mengi yana kipengele cha kuchagua: kifaa cha chini kisipoitika, lango lifanye nini na thamani iliyopo kwenye kumbukumbu? Kwa kawaida machaguo ni matatu. Liweke sifuri. Lishike thamani ya mwisho. Au lipeleke alama ya ubovu pamoja na thamani. Fundi mwenye haraka hakigusi kipengele hicho, anakiacha kama kilivyotoka kiwandani, na mara nyingi kilivyotoka kiwandani ni kushika thamani ya mwisho. Matokeo yake waya unakatika saa mbili usiku tangi likiwa na mita 3.8, na kioo cha ofisini kinaonyesha mita 3.8 hadi asubuhi, kwa rangi ya kijani. Kila mtu anafurahi isipokuwa watu wa mitaa ya mwisho wa bomba.

Kwa maoni yangu kosa hilo ni baya kuliko lango kufa kabisa. Lango likifa, mtu atapiga simu.

Basi nisemavyo mimi, namba yoyote inayopita kwenye lango isafiri na wenzake wawili: hali yake, nzuri au mbovu, na saa iliyopimwa. Thamani ikifika bila hao wawili, mpokeaji ana haki ya kuikataa. Mengine yote ya leo yanatumikia hilo.

Tuanze chini, kwenye nyaya. RS-485 inaruhusu urefu wa hadi kama mita 1,200 na vifaa 32 vya kawaida kwenye jozi moja. Nyaya ziende kwa msururu, kifaa hadi kifaa, zisitawanyike kama matawi. Kila mwisho wa msururu ufungwe rezista ya ohm 120, mbili tu, si kwenye kila kifaa. Kasi, kwa mfano biti 9,600 kwa sekunde, na pariti, yaani biti ya kukagua makosa, lazima zilingane kwa wote. Kifaa kimoja kikiwa na pariti tofauti hakitasikia kitu, na hakitamwambia mtu. Anwani za vifaa ni 1 hadi 247. Vifaa viwili vikipewa anwani moja vitajibu kwa pamoja na lango litasikia kelele. Nchi hii ina radi, kwa hiyo kinga ya mshtuko wa umeme na waya wa ardhi si anasa. Na kabati lifungwe vizuri: wakati wa kupuliza mikorosho, vumbi la salfa liko hewani, na shaba ikikutana na salfa inakuwa nyeusi. Maungio yakiharibika hivyo, hitilafu inakuja na kuondoka, na hakuna hitilafu inayochosha kama hiyo.

Namba za rejista zinakosesha watu usingizi bila sababu kubwa. Kitabu cha kifaa kinaandika rejista 40001. Kwenye waya anwani yake ni 0. Malango mengine yanataka uandike 40001, mengine 1, mengine 0. Ukikosea kwa moja unasoma jirani: unadhani unasoma kina cha maji kumbe unasoma shinikizo. Kinachoudhi ni kwamba namba ya jirani mara nyingi inaonekana ya kuaminika.

Halafu kuna mpangilio wa maneno; neno hapa ni rejista moja. Rejista ya Modbus ina biti 16, lakini namba yenye desimali inachukua biti 32, yaani rejista mbili, na watengenezaji hawakukubaliana ipi itangulie. Chukua tangi letu likiwa na mita 2.5. Kwa mfumo wa heksa namba hiyo ni 4020 kwenye rejista moja na 0000 kwenye nyingine. Lango likizigeuza linapata namba ndogo mno, yenye sifuri 40 kati ya nukta ya desimali na tarakimu ya kwanza, na kioo kitaandika 0.00. Angalieni hatari yake: tangi lina maji nusu, waya ni mzima, kipimo ni kizima, mawasiliano ni mazuri kabisa, na sifuri inayoonekana ni ya uongo. Mwendeshaji atawasha pampu.

Ndiyo maana sijaribu lango kwa namba laini. Natumia 123.456, kwa sababu baiti zake nne zote zinatofautiana: 42, F6, E9, 79. Ukizigeuza rejista zake unapata namba hasi yenye tarakimu 26, na hata mtoto ataona kuna kasoro. Namba ya kujaribia ichaguliwe kwa namna ambayo kosa halitapata pa kujificha.

Muda wa kusubiri nao una hesabu yake. Kwa kasi ya 9,600, kila herufi ina biti 11, kwa hiyo herufi moja inapita kwa milisekunde 1.15 hivi. Swali lina baiti 8. Jibu la rejista kumi lina baiti 25. Jumla baiti 33, karibu milisekunde 38, ongeza muda wa kifaa kufikiri. Sasa fundi anaweka muda wa kusubiri sekunde 3, na lango lirudie mara tatu kabla ya kukata tamaa. Kifaa kimoja kikizimwa kwa matengenezo, kila mzunguko unapoteza sekunde 12. Vikizimwa vitatu, sekunde 36, na vile vizima vinasubiri kwenye foleni nyuma ya vilivyozimwa. Kwa mfumo kama wetu, milisekunde 300 na kurudia mara moja kunatosha kuanzia. Kisha unapima, unarekebisha. Kimya cha mmoja kisiwe kimya cha wote.

Nigeukie upande wa juu, mtandao wa simu.

Watu wanaogopa gharama ya bando. Ujumbe mmoja kila dakika, wa baiti 200, ni ujumbe 1,440 kwa siku, yaani kilobaiti 288. Kwa mwezi ni chini ya megabaiti 9, hata ukiongeza mizigo ya mtandao bado ni kidogo kuliko video moja ya harusi. Na kwa kuwa ni kidogo hivyo, hakuna udhuru wa lango kutohifadhi ujumbe wakati mnara umezimika. Lihifadhi, na mtandao ukirudi litume yote, kila kipimo na saa yake ya asili. Lango lingine likirudi hewani linamwaga vipimo vya usiku kucha vyote vikiwa na saa ya asubuhi. Ukichora grafu unaona tangi limejaa na kukauka ndani ya sekunde nne.

Saa yenyewe inataka uangalifu. Seva nyingi zinatunza saa ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Mwendeshaji anaandika daftarini saa nane usiku wa Jumanne. Seva inasema ni Jumatatu, saa tano usiku. Ripoti ya siku ikikatwa kwa saa ya dunia, siku ya maji inaanza saa tisa alfajiri, na hesabu ya daftari haitakutana na hesabu ya kompyuta hata mkalishane baraza. Na kuna mtego mwingine. Lango lisilo na betri ya saa, umeme ukikatika na kurudi, linaamka likiamini ni tarehe 1 Januari 1970. Linajaribu kufungua mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji, linaangalia cheti cha seva, linaona cheti kimeanza kutumika miaka mingi mbele, linakataa. Umeme upo, mtandao upo, na lango limekaa kimya kwa sababu linajiona liko mwaka 1970. Tafuteni lango lenye betri ya saa, na lipate saa kutoka mtandaoni kabla ya kufanya kingine chochote.

MQTT ina vitu viwili vya kuangaliwa kwa jicho kali. Cha kwanza ni wasia. Lango linapojiunga na seva linaacha ujumbe: nikikatika bila kuaga, watangazieni hivi. Seva isiposikia chochote kwa muda uliokubaliwa na nusu yake, kwa mfano sekunde 90 kama mliafikiana 60, inautoa wasia kwa wote wanaosikiliza. Huo ndio utaratibu wa kukipa kimya jina, na ni bure. Nimeona mifumo mingi ambayo haikuujaza.

Cha pili ni ujumbe wa kubakizwa. Seva inaweza kuombwa ibakize ujumbe wa mwisho, ili kila anayejiunga aupate mara moja. Kwa kina cha maji inafaa, ilimradi saa ya kipimo iko ndani yake. Kwa amri ni hatari. Mtu anatuma "washa pampu" kwa kubakiza. Umeme unakatika Mitema. Fundi anafungua kifuniko akague mota. Umeme unarudi, lango linajiunga, linapokea amri ya jana na kuitii. Amri isibakizwe kamwe, na iwe na muda wa kuisha, sekunde chache tu. Na bado fundi afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Programu haiwi mbadala wa kufuli.

Kwa mita za maji, tumeni jumla iliyokusanywa tangu mita ilipofungwa, msitume nyongeza ya dakika moja moja. MQTT inaweza kuufikisha ujumbe mara mbili, au ujumbe ukapotea. Jumla haiharibiki kwa hayo: ikirudiwa ni ile ile, na pengo la usiku linajazwa na kipimo cha kwanza cha asubuhi. Bila hivyo mtapata upotevu wa maji wa kwenye karatasi juu ya upotevu wa kwenye mabomba, na msimamizi wa bei atawauliza.

Nitoke kidogo kwenye maji, niende kwenye ghala, maana najua nusu yenu mnawaza korosho. Mizani ya kidijiti ya ghalani ina tundu la mawasiliano, na mingi inatuma mstari wa herufi unaoanza na alama ya hali: ST ikiwa uzito umetulia, US ikiwa bado unacheza. Baadaye ndipo zinafuata namba na kilo. Mtu anayeunganisha mizani hiyo na kompyuta ya chama cha msingi akichukua namba tu na kuitupa ile alama, kompyuta itaweza kunasa uzito wakati gunia linayumba au mpakuaji bado amelishika. Hakuna aliyeiba, hakuna walanguzi wa kangomba hapo, na mkulima amepunjwa, au amezidishiwa na ghala litalia mwisho wa msimu. Ni kosa lile lile la tangi: namba imefika, hali yake imeachwa njiani. Siku hizi minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mnunuzi anayetoa bei akiwa mbali hana kingine cha kuamini ila namba ya ghalani. Mafundi wa Masasi mtakaopewa kazi kwenye maghala, herufi mbili hizo msizipuuze.

Turudi. Lango limesanidiwa, kioo kinaonyesha namba. Mkandarasi anataka kukabidhi, gari linangoja. Je, limejaribiwa?

Bado. Lililoonekana ni kwamba lango linaongea siku ambayo kila kitu ni kizima. Jaribio la kwanza la kweli ni kufuata namba moja kwa mguu, kutoka kwenye maji hadi kwenye kioo. Mtu apande juu ya tangi na kamba yenye alama, apime kina kwa mkono wake, apige simu ofisini. Baada ya hapo maji yapunguzwe, apime tena. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu hata saa iliyosimama inapatia mara mbili kwa siku. Kila kifaa kibadilishwe kwa zamu: funga vali uone shinikizo likipanda, na uone kwamba ni shinikizo peke yake lililopanda. Hapo makosa ya jirani na ya kugeuza maneno yanafichuka.

Jaribio la pili ndilo linalorukwa, na mimi nalipa muda mara mbili ya la kwanza. Ni kulinyamazisha. Chomoa waya wa kipimo cha kina, subiri, tazama kioo. Rudisha. Chomoa waya wa RS-485. Rudisha. Zima kidhibiti cha pampu. Toa kadi ya simu. Kata umeme wa lango kwa dakika moja, halafu kwa saa nzima, maana betri ndogo za ndani zinadanganya kwa dakika moja. Zima seva yenyewe. Kila mara maswali ni matatu: kioo kimeonyesha nini, baada ya muda gani, na kilipopona nani aliarifiwa? Kioo kikiendelea kuonyesha namba ya kijani baada ya waya kuchomolewa, kazi haijaisha, hata kama mkataba unasema vingine. Kikionyesha sifuri, kazi haijaisha vilevile. Kinachotakiwa ni namba ya mwisho ikiwa imefifishwa, saa yake kando, na neno linalosema mawasiliano hayapo. Na makosa ya waya wa kipimo, waya wa mawasiliano na mnara yatofautishwe, kwa sababu fundi anayepanda pikipiki usiku anahitaji kujua aende tangini au aende bondeni.

Kwa hapa Newala kuna jaribio la nyongeza. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu unaitazama Msumbiji kwa macho, na antena ya lango nayo inaitazama. Modemu ikiachwa huru kuchagua, mahali kama ukingo huu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, ikalipa gharama za nje au ikakataliwa kabisa. Ifungieni kwenye mitandao ya nchi yetu, ile inayoanza na namba 640. Ya Msumbiji inaanza na 643. Ni mstari mmoja kwenye usanidi.

Kuhusu ulinzi nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si dogo. Modbus haina nywila. Yeyote atakayelifikia tundu namba 502 la lango anaweza kusoma na kuandika. Novemba 2023, kwenye kituo cha kuongezea msukumo wa maji cha mamlaka ya Aliquippa, Pennsylvania, wavamizi walikiingilia kidhibiti kilichokuwa wazi kwenye intaneti; vifaa vya aina hiyo vilikuwa vinatoka kiwandani na nywila 1111. Wafanyakazi wakabadilisha wakaendesha kwa mkono na maji hayakukatika. Kwa hiyo: kadi ya simu ya mtandao wa faragha, MQTT kwenye tundu 8883 lenye usimbaji badala ya 1883, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na kituo kiendelee kuendesheka kwa mkono. Hilo la mwisho ndilo lililowaokoa wale.

Nimebakiza swali ambalo fundi peke yake hawezi kulijibu. Kimya kikitokea, na kikajulikana kuwa ni kimya, pampu ifanye nini?

Ikizimwa mara moja, maji hayatamwagika, lakini mnara wa simu ukilala usiku mzima mji utaamka bila maji, kwa kosa la mnara. Ikiachwa iendelee, tangi linaweza kufurika, na mmeshasikia hesabu ya umeme wa kila mita 100. Njia ya kati ipo: kidhibiti cha bondeni kinajua kina cha mwisho kilichothibitishwa, kinajua mita yake inapitisha kiasi gani kwa saa, kwa hiyo kinaweza kuendelea kwa saa zile tu ambazo tangi lisingeweza kujaa hata kama hakuna hata mtu mmoja anayechota, kisha kikasimama. Hesabu hiyo ikae bondeni, ndani ya kidhibiti, isitegemee seva. Lakini hata njia hiyo inachagua nani aumie kwanza, na tangi la mtaa mmoja si sawa na tangi linalolisha hospitali. Uamuzi huo uandikwe na uongozi wa mamlaka pamoja na watumiaji wake, uwekwe sahihi, ndipo fundi auingize kwenye kifaa. Mara nyingi nimekuta umeamuliwa na kijana wa programu aliye mbali, ambaye hajui kwamba huku hakuna mto wa kukimbilia.

Na kwenye karatasi ya makabidhiano, pamoja na sahihi ya mhandisi na ya mkandarasi, nataka iwepo ya mwendeshaji wa zamu ya usiku, akithibitisha kwamba waya aliuchomoa yeye mwenyewe na aliona kilichotokea. Pamoja na karatasi hiyo ikabidhiwe orodha kamili ya rejista, nakala ya usanidi na nywila zilizofungwa kwenye bahasha, vyote vikae ofisini Newala, siyo kwenye kompyuta ya mtu aliyesafiri.

Sasa karibuni kwa maswali, na ningeomba tuanze na wale wa zamu ya usiku.